Wati Zako Zinaishia Wapi? Mwongozo wa Kupima Ufanisi wa Antena ya Kurushia

Chukua kebo ya RG-58 ya mita 30. Ncha moja ifunge kwenye kipimaji cha antena, ya pili iache ikining'inia bila kitu chochote, kisha pima SWR kwenye 145 MHz. Utasoma takriban 1.7. Antena hakuna, lakini mita inakuambia mambo ni ya kuridhisha.

Sababu yake ni rahisi. Katika masafa hayo kebo ya urefu huo hula desibeli sita hivi mawimbi yakienda, na sita nyingine yakirudi. Kinachorudi kwenye mita ni kidogo mno, na mita inadhani kingine chote kimeruka hewani, kumbe kimepasha kebo joto. SWR hupima kinachorudi tu, na haina habari ya kilichoondoka kimeenda wapi. Kinaweza kuwa kimefika angani, au kimeishia kwenye koili, kwenye kiungo chenye kutu au kwenye udongo ulio chini ya mlingoti. Ufanisi wa antena ndio hesabu ya jambo hilo: kati ya wati 100 zilizoingia kwenye antena, ngapi zimeruka?

Mwongozo huu ni wako wewe mwanaredio wa ridhaa uliyeko Mbeya au Iringa, au popote kwenye Nyanda za Juu Kusini, unayejenga antena zako mwenyewe. Huku swali hili lina uzito wa pekee. Mbeya na Iringa zimeachana kama kilomita 280 kwa mstari ulionyooka, na katikati kuna milima na bonde la Usangu. Redio ya VHF ya mkononi haivuki hapo bila kituo cha kurudisha mawimbi. Njia iliyobaki ni masafa mafupi, hasa bendi ya mita 40, ambapo wimbi hupanda karibu wima, linagonga tabaka la ioni na kushuka upande wa pili. Ndivyo simu za upepo za hospitali za misheni, polisi na hifadhi zilivyofanya kazi kwa miaka mingi kabla minara ya simu za mkononi haijafika vijijini, na ndivyo AMREF ilivyowaunganisha madaktari wake warukao na zahanati za mbali tangu miaka ya 1960. Wengi wetu tunatumia betri na sola. Mwenye wati 20 akipoteza 15 ardhini hana akiba ya kufidia.

Jambo moja la sheria kabla hatujashika vyombo. Kipimaji kidogo kama NanoVNA hutoa nguvu ndogo sana, lakini majaribio ya hewani ninayoyaeleza mbele yanahitaji leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA na alama ya mwito inayoanza na 5H. TCRA ina ofisi ya kanda hapo Mbeya, kwa hiyo mtu wa kanda hii hana sababu ya kurusha bila leseni.

Anza na kebo

Vifaa si vingi: NanoVNA au kipimaji kingine kinachoonyesha R na X, mzigo bandia wa omu 50, mita ya kawaida ya fundi, na daftari. Mita ya SWR iliyojengwa ndani ya redio haitoshi, kwa sababu inakupa namba moja na wewe unahitaji mbili.

Pima kebo kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi kupima na rahisi kubadilisha. Rekebisha NanoVNA kwa hatua zake tatu, yaani wazi, shoti na mzigo. Funga kebo, iache wazi upande wa pili, soma S11 kwa desibeli kwenye masafa unayotumia. Kisha fanya shoti kwenye ncha hiyo hiyo na usome tena. Chukua wastani wa namba hizo mbili, gawa kwa mbili, na hapo umepata upotevu wa kebo kwa safari ya kwenda tu. RG-58 nzima ya mita 30 kwenye 7 MHz inapaswa kupoteza desibeli moja na kidogo. Ukipata tatu, nusu ya nguvu yako haifiki hata kwenye antena. Mara nyingi kosa ni maji. Plagi iliyofungwa kwa selotepu ya umeme peke yake haimalizi msimu mmoja wa mvua za huku, na maji yakishaingia kwenye wavu wa shaba hupanda ndani ya kebo mita kadhaa. Kata mpaka uone shaba inayong'aa. Ukikuta nyeusi, endelea kukata.

Kwa VHF, usidharau waya wa dishi, ule RG-6 wa omu 75 unaouzwa kila duka la ving'amuzi. Kwenye 145 MHz hula kama nusu tu ya desibeli zinazoliwa na RG-58, na tofauti ya omu 50 na 75 ni tatizo dogo ukilinganisha na faida hiyo.

Antena ya wima na nyaya za ardhini

Hapa ndipo wati nyingi za Nyanda za Juu hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Antena ya wima ya robo wimbi kwenye bendi ya mita 40 ni waya wa mita kumi na kidogo. Iringa haikunyimi mlingoti. Mianzi ipo, na nguzo za mlingoti kutoka Mafinga ni ndefu kuliko utakavyohitaji. Waya unapanda kando ya mwanzi, na chini kebo inaungana: waya wa kati kwenye antena, wavu kwenye nyaya zilizotandazwa ardhini kama mionzi ya jua. Mkondo unaopanda kwenye antena lazima upate njia ya kurudi. Usipoupa shaba, utarudi kupitia udongo, na udongo ni rezista.

Kila antena ina kinzani mbili zilizofuatana. Ya kwanza ni ukinzani wa mnururisho, ile sehemu ambayo wati zake zinaruka. Ya pili ni ukinzani wa upotevu, ambayo wati zake zinakuwa joto. Kipimaji huona jumla yake. Ufanisi ni ya kwanza ukiigawa kwa jumla. Kwa robo wimbi iliyonyooka juu ya ardhi nzuri kabisa, nadharia inatupa omu 36 za mnururisho. Kwa hiyo soma R pale X inaposomeka sifuri, yaani kwenye rezonansi, na gawa 36 kwa ulichosoma.

Tuseme umetandaza nyaya nne ukasoma omu 62. Ufanisi ni asilimia 58. Ongeza mpaka nyaya 16, na R ikashuka hadi 48: asilimia 75. Endelea mpaka 32, ikafika 41: asilimia 88. Sasa angalia SWR ya safari hiyo. Kwa omu 62 ilikuwa 1.24. Kwa 48 ikawa 1.04, safi kabisa. Kwa 41 imepanda tena hadi 1.22. Nyaya nne na nyaya 32 zimetoa karibu SWR ile ile, na tofauti yake ni asilimia 30 ya nguvu zako. Anayefuata SWR ataishia kwenye nyaya 16 akidhani amefika kileleni, na akiongeza nyaya ataona mita inazidi kuwa mbaya, azing'oe. Nimesikia watu wakishauriana hivyo hewani kwa kujiamini kabisa.

Usiishike sana ile namba 36. Udongo halisi huisogeza, na waya ulioinama au uliokunjwa juu huipunguza. Kinachoaminika zaidi ni mwelekeo. Andika R kila unapoongeza nyaya nne. Mwanzoni itashuka kwa kasi, kisha polepole, kisha itakaribia kusimama. Ikisimama, shaba ya ziada haina kazi. Na kama shaba uliyo nayo ni ya kuhesabu, igawe kwenye nyaya nyingi fupi kuliko chache ndefu. Nyaya za juu ya udongo hazihitaji kukatwa kwa kipimo cha robo wimbi, ila ukizinyanyua kutoka ardhini zitadai kipimo hicho.

Pima kavu na pima mvua. Uwanja wa Iringa wenye miamba na kichanga mwezi Oktoba si uwanja ule ule mwezi Februari, na udongo wa majivu ya volkano upande wa Mbeya na Rungwe una tabia yake. Antena yenye nyaya nne inaweza kubadilika omu nyingi kati ya misimu hiyo miwili. Yenye nyaya 32 itatikisika kidogo tu, kwa kuwa haitegemei tena udongo. Hicho nacho ni kipimo cha ubora wa uwanja wako wa nyaya, tena hakihitaji hesabu.

Kuhusu shaba yenyewe, waone mafundi wanaosuka mota. Waya wa kusukia, hata uliotolewa kwenye mota iliyoungua, unafaa sana, na rangi yake ya kuhami haizuii kitu isipokuwa pale unapolehemu, ambapo lazima uikwangue. Epuka waya wa kufungia nondo. Kwenye masafa haya mkondo hupita kwenye ngozi ya nje tu ya waya, na usumaku wa chuma huifanya ngozi hiyo iwe nyembamba zaidi, kwa hiyo ukinzani unapanda mara nyingi kuliko wa shaba ya unene ule ule. Utapata SWR na utasikia stesheni, lakini waya utakuwa unakula.

Kama unarusha ukiwa kwenye gari, hesabu ni kali zaidi. Antena ya mita 2.5 kwenye pikapu, kwa 7.1 MHz, ina ukinzani wa mnururisho wa omu 1.4 hivi. Koili nzuri ya chini inaongeza omu nne za upotevu, na bodi ya gari pamoja na ardhi chini yake zinaweza kuongeza kumi. Jumla inazidi 15, ufanisi ni asilimia tisa. Hiyo ni hali ya kawaida na watu wanawasiliana nayo vizuri. Kinachopaswa kukuogopesha ni antena fupi ya namna hiyo inayosoma omu 50 chini ya koili bila kifaa chochote cha kulinganisha. Omu 48 na zaidi kati ya hizo ni joto, na ufanisi haufiki asilimia tatu. Muuzaji ataisifia kwa SWR yake.

Antena ya duara

Kwa anayeishi nyumba ya kupanga Mwanjelwa au Kihesa, asiye na uwanja wa nyaya, duara la bomba la shaba lenye kapasita juu linavutia. Ukinzani wake wa mnururisho ni mdogo mno kusomwa moja kwa moja, kwa hiyo tunaupima kwa upana wa bendi. Kadiri duara linavyopoteza kidogo, ndivyo linavyokuwa jembamba kwenye mita.

Mfano: duara la kipenyo cha mita moja, bomba la milimita 22, kwenye 14.1 MHz. Mnururisho wake kwa nadharia ni omu 0.094, na X ya duara ni omu 217 hivi. Lilinganishe mpaka SWR iwe 1 kwenye masafa ya katikati. Kisha tafuta masafa mawili, moja chini na moja juu, ambapo SWR ni 2.6. Tuseme yameachana kilohezi 14. Gawa masafa ya katikati kwa upana huo: 14,100 kwa 14 ni karibu 1,007, na hiyo ndiyo Q. Gawa 217 kwa Q, unapata omu 0.215, ukinzani wote. Sasa 0.094 kwa 0.215 ni asilimia 44.

Watu huchanganya hapa kati ya SWR 2.6 na 5.8. Upana wa 2.6 unatoa Q ya duara peke yake, ambayo ndiyo tunayoitaka. Wa 5.8 unatoa Q ya duara likiwa limebebeshwa redio, nusu ya ile. Ukizichanganya, ufanisi wako utakosewa mara mbili. Na upana ukiwa mkubwa kuliko ulivyotarajia, usifurahi kwamba antena "inachukua bendi pana". Kuna kiungo kibovu, mara nyingi ni skurubu kwenye kapasita. Lehemu.

Usilishike duara ukiwa unarusha. Kwa wati 100, kapasita ya mfano huu inabeba volti zaidi ya 4,000.

Debe kwa antena ndogo

Mwaka 1959 mhandisi Harold Wheeler wa Marekani alieleza njia ya kupima antena ndogo kwa kuifunika chombo cha chuma. Ukiizuia isirushe, ukinzani unaobaki ni wa upotevu peke yake. Kifuniko kiwe na nusu kipenyo cha sehemu ya sita hivi ya urefu wa wimbi. Kwa 433 MHz hiyo ni sentimita 11, na debe la bati la lita 20 lina upana wa sentimita 23 hivi. Limekuja na kipimo chake.

Toboa katikati ya kipande cha bati bapa, funga soketi, simamisha ile antena fupi ya redio ya mkononi. Pima R kwenye rezonansi. Kisha pindua debe lililokatwa mdomo, lifunike, pima tena. Mfano, wazi umesoma omu 40 na chini ya debe 16: zilizoondoka ni 24, na 24 kwa 40 ni asilimia 60. Mdomo wa debe lazima uguse bati pande zote, kwa hiyo weka jiwe juu. Kama bati lako ni la rangi, msauzi, likwangue kwa msasa kwanza, maana rangi ni kihami na debe lako litavuja mawimbi. R ikipanda badala ya kushuka unapofunika, rudia hesabu ile ile kwa G, yaani moja gawa kwa R, badala ya R.

Kwa bendi ya mita 40, njia hii ingehitaji debe la upana wa mita 14.

Kupima hewani, Mbeya na Iringa

Hesabu za R zina dosari moja: zinaamini nadharia kwenye namba ya mnururisho. Jaribio la hewani haliamini chochote. Unahitaji antena ya rejea, na kwa mita 40 rejea ni daipoli ya waya wa shaba, mita 20 kwa jumla, iliyoinuliwa angalau mita nane. Ukiishusha hadi mita mbili, udongo nao utaanza kuila, na utakuwa unalinganisha mgonjwa na mgonjwa.

Linganisha vinavyofanana. Hili ndilo sharti linalovunjwa kuliko yote. Ukiipambanisha antena ya wima ya Mbeya na daipoli, mpokeaji akiwa Iringa, wima itashindwa vibaya hata kama ufanisi wake ni asilimia 88. Wimbi la kilomita 280 linapanda karibu wima, na antena ya wima haipeleki kitu utosini. Ungemuuliza mpokeaji wa Ulaya, huenda jibu likageuka. Umepima mwelekeo, hukupima ufanisi. Daipoli fupi yenye koili ipambane na daipoli ndefu, waya wa chuma na waya wa shaba, zote kwa kimo kimoja na zikitazama upande mmoja.

Kwa aliye na kompyuta, WSPR, mfumo ambao wapokeaji huripoti ishara yako kwenye intaneti, ndicho chombo. Ilitungwa na Joe Taylor, K1JT, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, na ilitoka mwaka 2008. Kila urushaji unachukua karibu dakika mbili na kuanza kwenye dakika shufwa, kwa hiyo saa ya kompyuta isikosee zaidi ya sekunde moja. Redio iweke 7.0386 MHz, mkanda wa juu. Ujumbe unabeba alama yako, mraba wa ramani na nguvu: Mbeya mjini ni KI61, Iringa ni KI72. Miliwati 200, ambazo WSPR inaziandika 23, zinatosha. Rusha dakika mbili kwa rejea, dakika mbili kwa antena inayopimwa, ukibadilisha hivyo kwa saa kadhaa. Chukua ripoti zilizotoka kwa mpokeaji mmoja kwa vipindi vilivyofuatana, toa moja kwa nyingine, na katika tofauti hizo zote tumia ile ya katikati. Wastani unaharibiwa na ripoti moja mbaya. Tofauti ya desibeli tatu ni nusu ya nguvu, tano ni theluthi, saba ni moja ya tano, kumi ni moja ya kumi. Chini ya desibeli moja usibishane na mtu. Tabaka la ioni linayumba zaidi ya hapo.

Daftari liwe na saa mbili. WSPR inaandika saa za dunia, nasi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo saa nne asubuhi ya Mbeya ni 07:00 kwenye kumbukumbu. Usipoandika zote, ukirudi baada ya wiki utalinganisha asubuhi na alasiri bila kujua.

Pasipo intaneti kuna njia ya kizamani ambayo naipenda zaidi, kwa sababu inahitaji rafiki. Mwenzako wa Iringa awashe redio, azime AGC kama inazimika, asikilize. Wewe rusha kwa antena dhaifu kwa wati 20. Hamia kwenye rejea kwa wati 20, kisha 10, kisha 5, kisha 2.5, ukirudi kwenye dhaifu kati ya kila hatua, mpaka aseme, "Hapo, zimelingana." Kama zimelingana rejea ikiwa na wati 5, antena yako ina robo ya ufanisi wa rejea. Hakuna S-mita iliyohusika, na ni vizuri, kwani S-mita za redio nyingi hudanganya. Usimwambie ni antena gani uko nayo. Ziite tu "ya kwanza" na "ya pili", na badilisha mpangilio. Rafiki mwema akijua unaipenda ipi, ataisikia vizuri zaidi.

Kusikia vizuri si kurusha vizuri

Mafundi wengi huipima antena kwa masikio: "Nasikia Nairobi, nasikia Afrika Kusini, antena iko safi." Kwenye masafa mafupi kelele za angani, za radi na za vifaa vya umeme mitaani ni kubwa kuliko kelele za redio yenyewe. Antena yenye ufanisi wa asilimia 10 inapunguza kelele na sauti kwa kiwango kimoja, uwiano unabaki ule ule, na sikio halioni tofauti. Upande wa kurusha ndipo hasara inapojitokeza, kwani kelele za mpokeaji hazipungui kwa sababu yako.

Bado unaweza kupima kwa kupokea, ila pima nguvu ya mawimbi, usipime usikivu. Kuna minara ya majaribio ya NCDXF na IARU duniani, 18 kwa mpango, inayopokezana kila sekunde kumi katika mzunguko wa dakika tatu. Kwenye 14.100 MHz, wa Afrika Kusini, ZS6DN, una zamu yake dakika moja na sekunde 40 baada ya mzunguko kuanza, na wa Kenya, 5Z4B, unafuata sekunde kumi baadaye, kama yote miwili iko hewani siku hiyo. Kila mmoja hutaja alama yake kwa Morse kisha hutoa mistari minne mirefu: wati 100, 10, 1 na 0.1. Kila mstari uko desibeli kumi chini ya uliotangulia, kwa hiyo umepewa rula bure. Kama mstari wa wati 100 kwa antena yako una nguvu sawa na wa wati 10 kwa rejea, na kelele nazo zimeshuka kiasi hicho, hapo ni ufanisi. Kama kelele hazikushuka, basi antena yako inaokota kelele za nyumba, na hilo ni tatizo tofauti.

Kabla ya kupanda

Mvua za huku huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na radi zake hazina mzaha. Usipime antena wingu likiwa limetanda juu ya mlima Loleza, hata kama ngurumo iko mbali. Kebo ichomoe na itupe nje ya dirisha, usiiache juu ya meza. Mwanzi uliokaa mvua mbili utikise kabla hujaegemeza ngazi. Usisimamishe mlingoti mahali ambapo ukianguka utagusa waya wa TANESCO.

Ukiwa na jioni moja tu ya kazi, pima kebo na uongeze nyaya za ardhini. Hizo mbili huokoa wati nyingi kuliko redio mpya, na matokeo yake yaandike: tarehe, hali ya udongo, idadi ya nyaya, R, X. Mwanaredio mwingine wa kanda hii atayahitaji, kwa sababu vipimo vilivyochapishwa kuhusu udongo wa Mbeya na Iringa kwenye 7 MHz ni adimu kuliko vya Ulaya na Marekani.